Je, Pombe Ndiyo Iliyotenda?

Liko neno moja ambalo karibu kila jamaa katika nchi yetu imelisikia, na nyingine zimelisikia mara nyingi. Mume amempiga mkewe usiku, kulipokucha ameinamisha macho, asema: "Nisamehe, Mama Fulani, ilikuwa pombe." Kijana amekula ada ya shule ya mdogo wake, aitwapo mbele ya wazee ajibu: "Si mimi, Baba, ni pombe tu." Dereva ameliangusha gari lililojaa abiria, watu waliosimama kando ya barabara wasema: "Alikuwa amelewa," kana kwamba neno hilo limemaliza habari yote. Nasi tusikiao twatikisa vichwa, twaguna, na jambo lapita.

Leo twapenda kuliuliza neno hilo swali moja: je, ni kweli? Pombe yaweza kutenda? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Tukilijibu vibaya upande mmoja, tutampa kila mkosaji kichaka cha kujificha, na mke aliyepigwa hatapata mtu wa kumdai haki yake. Tukilijibu vibaya upande wa pili, tutamtupia mawe mtu ambaye nguvu ya kujiongoza imekwisha kuvunjika ndani yake, naye anahitaji tabibu kuliko hakimu. Tena tusipoliuliza kabisa, tutasahau jambo la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa: ya kwamba nyuma ya kila mlevi wamesimama watu kadhaa wenye akili zao timamu.

Kwanza tuondoe mawazo yasiyo sawa. Kinywaji chenyewe si dhambi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, wala hakuwakemea wenyeji kwa kuwa na divai. Ilipowaishia, aliwapatia nyingine iliyo bora. Divai huwekwa altareni kila siku. Kanisa halijapata kufundisha kwamba mtu anywaye kwa kiasi amekosa kwa kunywa kwake. Linalofundisha ni kiasi. Na Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yaeleza kwamba mtu ahatarishaye usalama wa wenzake barabarani, baharini au angani kwa sababu ya ulevi ana hatia nzito.

Hata hivyo neno "kiasi" si jepesi kama tulivyozoea kulitamka. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani wamevihesabu vileo miongoni mwa vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee vileo vilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 2.6 ulimwenguni. Basi mtu asemaye "mimi nanywa kwa kiasi" na ajiulize vizuri kiasi hicho amekipima kwa kipimo gani, na ni nani aliyekishika kipimo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni la kale sana. Karne ya 6 kabla ya kuzaliwa Kristo, Pittacus, mtawala wa mji wa Mytilene huko Ugiriki, alitunga sheria ya ajabu: mtu akosaye hali amelewa aadhibiwe zaidi kuliko yule akosaye hali ni mzima. Wengi wetu tungetazamia kinyume chake. Lakini mwanafalsafa Aristotle, alipolichunguza jambo hili, aliona kuna haki ndani yake: mlevi hakujua alitendalo, ni kweli; walakini chanzo cha kutojua kwake kilikuwa mikononi mwake, kwa maana aliweza kutolewa. Mtu aliyeizima taa mwenyewe asilalamike kwamba amejikwaa gizani.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alilipima jambo hilo kwa mizani ya uangalifu zaidi. Yuko mtu, alieleza, asiyejua kabisa nguvu ya kinywaji, kama Nuhu alivyolewa kwa divai ya shamba lake; huyo hana dhambi ya ulevi. Yuko mwingine ajuaye kwamba anakunywa kupita kiasi, lakini hadhani kama kitamlevya. Huyo amekosa, ila si sana. Na yuko wa tatu ajuaye wazi kwamba kitamwondolea akili, naye akachagua kuendelea. Huyo kosa lake ni zito. Msomaji atazame vema: katika hali zote tatu mtakatifu huyu hatazami kwanza yale mlevi aliyoyafanya usiku wa manane. Atazama alichokijua na alichokitaka saa alipokuwa bado ana akili zake.

Elimu ya siku hizi juu ya ubongo yaliunga mkono jambo hili kwa namna ya kustaajabisha. Kileo kikiingia katika damu hakiangushi miguu kwanza. Huanza kulegeza sehemu za ubongo zinazotuzuia, zinazopima hatari, zinazotuambia "sasa basi". Hakimu aliye ndani yetu ndiye wa kwanza kusinzia. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kunywa vikombe vitatu ndiye asiyefaa kuulizwa kama anaweza kunywa cha nne. Na kwa bahati mbaya ndiye tunayemwuliza. Tena ini huondoa kileo polepole, kadiri ya kinywaji kimoja kidogo kwa saa moja, wala kahawa kali au maji baridi ya kichwani hayaliharakishi hata kidogo. Dereva aliyenawa uso akajiona mzima ni mlevi mwenye uso safi.

Basi jibu letu ni hili: pombe haikutenda. Aliyetenda ni mtu, na mara nyingi alitenda kabla hajalewa, alipokipokea kikombe huku akijua desturi yake. Mume yule aliyempiga mkewe mara ya kwanza pengine aweza kusema hakujua. Mara ya pili alijua. Mara ya kumi, mkono wake ulianza kumpiga mkewe saa ile alipougusa mlango wa kilabu.

Lakini tukiishia hapa tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Maana saa ile ya uzima, kabla ya kikombe cha kwanza, mnywaji hakuwa peke yake. Kikombe kilitengenezwa, kikauzwa, kikamiminwa, kikakaribishwa. Zamani katika nchi zetu saa hiyo ilikuwa na walinzi.

Tukumbuke pombe za wazee wetu: mbege ya ndizi na ulezi huko Kilimanjaro, rubisi ya Kagera, ulanzi wa Iringa na Njombe, wanzuki wa asali huko Tabora, tembo la mnazi katika pwani. Mlinzi wa kwanza alikuwa pombe yenyewe: kinywaji kilichochachuka hakipandi nguvu bila kikomo, kwa sababu hamira hufa kileo kinapozidi. Mlinzi wa pili alikuwa msimu: nafaka ya pombe ilitoka katika ghala ile ile ya chakula, na ulanzi hugemwa wakati wa mvua tu. Mlinzi wa tatu alikuwa umri: kwa makabila mengi kibuyu kilikuwa cha wazee, na kijana aliyethubutu kukigusa alitafutiwa fimbo. Mlinzi wa nne alikuwa macho ya watu: pombe ilinywewa arusini, matangani, kwenye kazi ya ujima, pamoja na jamaa na majirani. Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na walevi wala wake waliopigwa, walikuwapo. Lakini ilimpasa mtu kuwapita walinzi wanne kabla hajajiharibu.

Walinzi hao waliondoka mmoja mmoja. Wa kwanza aliondolewa na mvuke. Mtu akichemsha pombe na kuukusanya mvuke wake, apata kinywaji ambacho karibu nusu yake ni kileo kitupu: ndiyo gongo yetu, na ndiyo pombe kali ya dukani. Vinywaji vya namna hii vililetwa Afrika kwa wingi na wafanya biashara wa nchi za ng'ambo, na katika pwani ya magharibi vilikuwa miongoni mwa bidhaa walizobadilishiwa binadamu. Hatari hiyo ilionekana mapema. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliokusudiwa hasa kukomesha biashara ya watumwa, uliwekea mipaka pia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1895 Khama III, mfalme wa Wabangwato katika nchi iitwayo leo Botswana, alisafiri hadi Uingereza pamoja na wafalme wenzake wawili kuitetea nchi yao; naye alikuwa amekwisha kupiga marufuku vileo kwa watu wake, akishikilia kwamba vinaua taifa. Mwaka 1919 Mapatano ya Ushirika wa Mataifa, yalipozungumzia nchi za Afrika ya Kati zilizokuwa chini ya Ujerumani, yalivitaja vileo sambamba na biashara ya watumwa na ya silaha.

Hata hivyo tusizisifu sheria zile kupita haki. Serikali za kikoloni zilimpima mtu kwa rangi: Mzungu aliweza kununua wiski, Mwafrika alikatazwa. Sheria iliyomlinda mtu huku ikimdharau haikumfundisha kiasi. Ilimfundisha kuona kwamba chupa ni alama ya ukubwa. Uhuru ulipokuja, wengi walishika chupa kana kwamba wameshika haki yao. Bunge letu lilijaribu kuweka walinzi wapya: Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 zilitaka leseni na saa za kuuza. Lakini fedha ina miguu myepesi kuliko sheria. Ilipokuja pombe kali ndani ya vifuko vya plastiki, vile viroba tulivyovijua sote, mlinzi wa msimu, wa umri na wa macho ya watu waliondoka kwa pamoja. Kiroba kilienea mfukoni mwa mwanafunzi, kikanunuliwa kwa fedha ndogo, kikanywewa kona ya ukuta asubuhi bila jamaa kujua. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ilifanya vema; ila atakaye kuuza atatafuta chombo kingine, na sheria haiwezi kuingia katika kila mfuko. Marekani ilikataza vileo nchi nzima tangu mwaka 1920, ikalazimika kuiondoa sheria hiyo mwaka 1933, maana wengi waliitii mchana na kuivunja usiku.

Kwa hiyo twasema: mnyweshaji naye ana sehemu yake. Nabii Habakuki alimwonya zamani mtu amleweshaye jirani yake. Tazameni mashamba ya mizabibu ya Rasi, Afrika Kusini. Kwa vizazi vingi vibarua walipewa sehemu ya ujira wao kwa divai, desturi iliyojulikana kwa jina la "dop". Sheria zilikuja kuikataza, lakini madhara hayakufuata sheria. Katika sehemu hizo wamezaliwa watoto wengi mno walioumizwa na pombe tumboni mwa mama zao. Hapana pengi duniani palipochunguzwa na kuonekana wengi kama hao. Mtoto wa namna hiyo hukua kwa shida, huelewa kwa shida, wala hapati kupona kabisa. Yeye hakupokea kikombe hata kimoja. Je, kosa ni la mama peke yake? Na bwana shamba aliyepima ujira kwa bilauri, akijua alitendalo, tumweke wapi?

Tena tukumbuke Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2000. Katika mitaa ya mabanda ya Mukuru na kwingineko watu walikunywa pombe iliyotiwa methanoli, sumu itumikayo viwandani. Methanoli yaonekana kama kileo cha kawaida, lakini mwilini hugeuka asidi iharibuyo mshipa wa macho. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine walipofuka. Wanywaji walikosa kiasi. Lakini aliyeitia sumu katika pipa ili apate faida hakuwa amelewa. Mkono wake ulikuwa imara.

Yaweza kuwa msomaji wetu ajisikia salama hapa, kwa maana hana shamba la mizabibu wala pipa. Lakini yuko mnyweshaji wa karibu zaidi. Ni mwenye sherehe ya kipaimara aonaye aibu kuandaa karamu bila kreti za bia. Ni rafiki amwambiaye aliyeacha pombe: "Moja tu, usitutenge." Ni mjomba amwonjeshaye mtoto povu la bia ili watu wacheke. Ni mzazi amtumaye mtoto dukani kumnunulia. Wote hao wana akili zao; na saa ya hukumu hawatakuwa na pombe ya kusingizia.

Sasa lipo neno moja zito la kujibu. Wengine watuambia: ulevi ni ugonjwa, na mgonjwa halaumiwi. Twakiri kwamba kuna kweli kubwa hapa. Mchovya asali hachovyi mara moja. Na ubongo uliozoeshwa kileo kwa miaka hubadilika, ukakidai kama mwili udaivyo maji. Mlevi wa namna hiyo akiacha ghafula aweza kutetemeka, kupagawa, kupata kifafa, hata kufa. Wenye mgonjwa kama huyo wasimfungie chumbani, wampeleke hospitali. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za kulevya. Mtu aliyefungwa na heroini hafunguliwi kwa matusi. Ndiyo maana mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwatibu watu hao kwa methadoni, chini ya macho ya wauguzi, kila siku.

Lakini ugonjwa hupunguza uhuru. Mara chache huumaliza wote. Hubaki ufa mdogo wa nuru: saa ya asubuhi, siku ya mshahara kabla hajaufikia mlango, dakika anapokubali kusindikizwa kwa daktari. Na kadiri uhuru wa mgonjwa upunguavyo, ndivyo wajibu wetu tulio wazima uongezekavyo. Mwaka 1939, katika mji wa Akron huko Marekani, hospitali hazikupenda kuwapokea walevi. Mtawa mmoja, Sista Ignatia, aliyekuwa mpokezi wa wagonjwa katika hospitali ya Mtakatifu Thoma, alishirikiana na daktari mmoja aliyekuwa mwenyewe ameacha pombe. Mlevi wao wa kwanza akaandikwa katika daftari kuwa anaumwa tumbo, ili apate kitanda. Maelfu walimfuata katika miaka iliyoendelea. Sista huyo hakuwaambia kwamba hawakukosa. Aliwapa kitanda, na akawataka wasimame.

Hapo ndipo tumkumbukapo Matt Talbot, mchukuzi wa mizigo wa Dublin, Ayalandi. Alizaliwa mwaka 1856, akaanza kazi kwa mfanya biashara wa vinywaji akiwa na umri wa miaka 12, na tangu hapo akawa mlevi. Siku moja katika mwaka 1884, hana senti, alisimama nje ya kilabu akitumaini rafiki zake wangemnunulia, kama yeye alivyowanunulia mara nyingi. Wakapita. Akarudi nyumbani akiwa mzima, na siku hiyo hiyo akaenda kuapa kuacha pombe kwa miezi mitatu. Hakunywa tena hata alipokufa mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alithibitisha kwamba aliishi fadhila kwa ushujaa.

Katika maisha yake liko jambo dogo tusilopenda lisahauliwe. Wakati wa ulevi wake, yeye na wenzake walimwibia fidla mpigaji mmoja maskini wa barabarani, wakaiuza wapate kunywa. Baada ya kuongoka alimtafuta mtu yule mjini kote ili amlipe. Hakumpata, akatoa fedha zile asomewe misa. Talbot angaliweza kusema kuwa pombe ndiyo iliyoiba fidla. Hakusema hivyo. Alisema ni mimi, na kwa neno hilo akawa mtu huru.

Basi twawasihi jamaa zetu mambo matatu. Nyumbani, neno "ilikuwa pombe" lisipokewe kuwa malipo. Aliyekosa na aombe radhi kwa jina lake mwenyewe, alipe alichoharibu, naye mke asiye salama asionewe haya akitafuta msaada kwa wazee, kwa paroko au polisi. Katika sherehe zetu, mgeni aombaye maji au soda aheshimiwe kama mgeni mwingine yeyote, na watoto wasiwe wabebaji wa chupa. Na kwa yule aliyekwisha kufungwa na kileo, tusimnunulie tena kikombe kwa huruma ya uongo. Tumsindikize kwa tabibu, tumngoje nje, turudi naye.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ulevi huzibwa saa moja tu, nayo ni saa ile ambapo wote, mwenye kumimina na mwenye kupokea, wangali wana akili zao.